Wakuu, hivi "Mogambo" ni Kiswahili cha wapi?

#1 Mbeba Boksi
Wakuu salaam. Nimejifunga kitanzi mwenyewe, njooni mnifungue.

Nipo Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye ghala moja. Zamu ya usiku niko na mzee wa Kizungu, miaka sabini na ushee, mgonjwa wa filamu za zamani. Kwao ni jirani na Cadiz, kamji kadogo alikozaliwa Clark Gable mwaka 1901, kwa hiyo Gable kwake ni kama mjomba. Juzi saa nane usiku tunakunywa kahawa akaniuliza: wewe si unaongea Kiswahili, Mogambo maana yake nini? Kumbe ni filamu ya Gable ya 1953, yumo na Ava Gardner na Grace Kelly, imepigwa huko kwetu Afrika Mashariki. Mzee miaka yote amesoma kwamba hilo ni neno la Kiswahili, maana yake "shauku".

Sasa mimi mtoto wa Korogwe, Kiswahili kidato cha nne nilipata A, niseme sijui? Nikatikisa kichwa taratibu kama mwalimu: ndiyo, shauku. Shauku kubwa. Mzee akatoa kidaftari akaandika.

Nimerudi nyumbani nimefungua kamusi, hola. Nimempigia mama, kaniuliza kama nimekula. Jumatatu nakutana na mzee. Nawasilisha.

#2 Kishoka wa Tandika
Mgambo si wale wanaobeba sufuria za mama ntilie? Gable alikuwa mgambo wa jiji. Mods fungeni uzi.

#3 Bi Regal
Mwacheke tu. Filamu hiyo mie naijua, nimeitazama si chini ya mara sita.

Mtengenezaji ni MGM, mwelekezi John Ford. Gable ni mwindaji, yuakamata wanyama wa kuuza. Ava Gardner kaja kumfuata maharaja, akafika akakuta maharaja keshaondoka zake. Basi kabaki hapo kambini na mabegi yake. Mara yuaja Grace Kelly na mumewe mtafiti wa magorila, na hapo ndipo nyumba ikawaka moto.

Na si hadithi mpya. Mwaka 1932 Gable huyohuyo aliigiza Red Dust na Jean Harlow, shamba la mpira huko Indochina, yote imepigwa ndani ya studio. Miaka 21 baadaye mapenzi yaleyale, mwanamume yuleyule, wamembadilishia bara tu. Na mie nitasema ukweli wangu: ile ya studio ina jasho zaidi. Mvua ya bandia, matope ya bandia, lakini Harlow na Gable waonekana wana joto kweli.

Neno lenyewe silijui. Mombasa hatuna. Grace Kelly alipata Oscar yake kwa filamu hii.

#4 Fundi Redio
Mleta uzi, umepigwa na tangazo la biashara la miaka sabini iliyopita. Wanaoandika historia ya filamu wanasema jina alilibuni prodyuza, Sam Zimbalist. Hollywood kulikuwa na klabu ya usiku inaitwa Mocambo, pale Sunset Strip, ilifunguliwa 1941, mastaa wote walikuwa wanashinda huko. Mle ndani walifuga kasuku hai kwenye vizimba vya kioo ukutani. Zimbalist akachukua Mocambo, akabadilisha herufi moja, akapata Mogambo. Basi. Kiswahili hakihusiki.

#5 Kishoka wa Tandika
Kwa hiyo mleta uzi kamwambia mzee wa watu kwamba jina la baa maana yake shauku kubwa. Hajakosea sana 😂

#6 Nukta Mbili
@Bi Regal shikamoo, ila hapo kwenye Oscar nakurekebisha kidogo. Kwa Mogambo Grace Kelly aliteuliwa tu, mwigizaji msaidizi. Alichopata ni Golden Globe. Oscar yake ni ya The Country Girl ya 1954. Na Ava Gardner naye aliteuliwa kwa Mogambo, mwigizaji mkuu wa kike, akapitwa na Audrey Hepburn wa Roman Holiday.

Naungana na wewe kuhusu Red Dust lakini.

#7 Bi Regal
Marahaba. Nimekubali, umri huo. Ila Ava walimdhulumu. Tazama pale anapomlisha yule ndovu mchanga, ndovu akamsukuma, mama akaenda chini matopeni mzimamzima. Akainuka bado ni Ava Gardner. Audrey angelia.

#8 Karanja wa Mlimani
Ngojeni kwanza. Fundi Redio, hiyo ya klabu nimeisikia pia, lakini kuna kitu mnaruka.

Kikuyu tuko na neno mũgambo. Ni sauti. Mtu akipiga simu laini ikiwa mbaya, utasikia akiambiwa mũgambo hausikiki. Sasa sikiza vizuri: hiyo ũ yetu si "u" ya Kiswahili, iko karibu na "o". Mzungu akisikia Mkikuyu akisema mũgambo, ataandika nini? M-o-g-a-m-b-o. Herufi kwa herufi. Na hawa watu walipiga kambi wapi? Thika, Naivasha, upande wa Mlima Kenya. Wapishi, madereva, wabeba mizigo, unadhani walikuwa Wanorwe?

#9 Fundi Redio
Karanja hiyo ni bahati ya sauti kufanana tu. Ukitafuta utapata neno linalofanana na Mogambo hata kwa Wafini. Niambie jina lilichaguliwa kabla hawajapanda ndege au baada. Ukinijibu hilo nahama upande.

#10 Karanja wa Mlimani
Wewe pia nijibu. Ni nani alikuwa chumbani na Zimbalist akibadilisha hiyo C kuwa G?

Na nitaongeza moja halafu ninyamaze. Hali ya hatari, ile ya Waingereza kupigana na Mau Mau, ilitangazwa Oktoba 1952. Hao wakaanza kupiga picha Kenya mwezi uliofuata. Nyanya yangu wakati huo alikuwa anaishi chini ya macho ya askari, na maili chache kutoka hapo Grace Kelly anauliza chai iko wapi. Kwa filamu hutaona hata kivuli cha hayo mambo. Mimi huwa naitazama nikitafuta nyuma ya waigizaji, kwa zile nyuso za watu wa kambi. Hizo ndizo filamu yangu.

#11 Mwalimu Mstaafu
Nimewasoma wote. Naomba niingie kidogo.

Kishoka alianza kwa mzaha lakini ndiye aliyekaribia. Mgambo, kabla ya kuwa askari wa halmashauri, ni tangazo, wito kwa watu wote. Mbiu ni pembe ya nyati. Ndiyo maana wahenga wakasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Sasa tazameni neno hilo limekaa jirani na nani: kujigamba, majigambo. Anayejigamba anajisemea mwenyewe, anajipigia pembe. Mzizi ni huo huo, -gamba, kusema au kutoa sauti. Mũgambo ya Karanja ni ndugu yake wa tumbo moja.

Kwa hiyo Kiswahili kina mgambo, Kikuyu kina mũgambo. Mogambo haipo katika Kiswahili, ila haipo mbali.

#12 Omwana wa Jinja
Banange! Luganda kugamba ni kusema, kila siku tunasema. Bagamba ki, wanasema nini. Mwalimu uko sawa kabisa. Mbona hamkutuuliza sisi, na hao watu walifika mpaka huku?

#13 Mbeba Boksi
Wakuu, mmenitisha. Nimekuja kusaka sentensi moja, nimepata semina.

Ila kuna kipya. Jana mzee amenionyesha kwenye simu picha ya bango la filamu ile wakati inatoka. Bango halisemi shauku. Linasema kwa herufi kubwa kwamba Mogambo maana yake ni "Mkuu kupita wote". Nikamuuliza, mbona wewe uliniambia shauku? Akasema na wewe si ulikubali? Nikanywa kahawa yangu kimya.

#14 Mwalimu Mstaafu
"Mkuu kupita wote". Kijana, hayo si ndiyo majigambo yenyewe?

#15 Kishoka wa Tandika
Mwalimu kamaliza. Mpeni maua yake.

#16 Fundi Redio
Hajamaliza. MGM walikuwa wanajisifia filamu yao, wala hawakuwa na kamusi. Ni sawa na muuza dawa ya meno wa stendi, jina la dawa hata yeye halijui ila anakwambia maana yake "kiboko ya wadudu".

#17 Wa Lubumbashi
Bandugu jambo. Miye naona munasahau kitu moja. Hii "mo" ya mbele si ya Kiswahili, ni ya Lingala: mokonzi, mobali, mokanda. Na magorila haiko Kenya, wale walipiga picha kule Kongo kwa kikundi ingine ya kamera. Ndiyo maana ukiangalia filamu, picha ya magorila inakuwa na chengachenga, haifanani na zingine, na bale bastaa hutabaona pamoja na gorila hata siku moja. Labda ile kikundi ndiyo ilirudi na jina.

Lakini mogambo, hata kwa Lingala, siijue.

#18 Fundi Redio
😂 Umeleta ushahidi ukaufuta mwenyewe. Heshima kwako, wengine hapa hawawezi.

#19 Msomaji wa Lisbon
Habari za humu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kujizuia.

Fundi Redio unasema ni Mocambo. Sawa. Mocambo lenyewe ni neno gani? Ni Kireno cha Brazil: kijumba au maficho ya watumwa waliotoroka. Na Wareno walilipata wapi? Wanaoshughulika na maneno wanalirudisha Angola, Kimbundu, mukambu, ule mwamba wa juu wa paa la nyumba. Kibantu. Kwa hiyo hata ukishinda wewe, bado limetoka kwetu, limezunguka tu kwa meli.

#20 Fundi Redio
Aisee. Hapo nimekaa chini.

#21 Karanja wa Mlimani
Kaa vizuri.

#22 Chotara wa Kariakoo
Jamani mnajua mnapoteza muda? Mogambo ni Amrish Puri! Filamu ya Kihindi, Mr. India, 1987. Koti la dhahabu, vidole vinagonga kiti, "Mogambo khush hua". Mtaani kwetu mtoto akipewa pipi anasema Mogambo kafurahi. Hollywood wameiba.

#23 Nukta Mbili
Wameiba mwaka 1953 kitu cha 1987. Hollywood wana uwezo.

#24 Chotara wa Kariakoo
Sawa basi Bombay ndio walichukua. Lakini niulizeni mtaani nani anamjua Gable na nani anamjua Amrish Puri.

#25 Bi Regal
Hapo umesema kweli, na Mombasa ni vivyo hivyo. Mie mwenyewe Gable nilimjulia kwa mume wangu marehemu. Sinema za Kihindi nilikwenda na mama na shangazi zangu, siku ya wanawake, buibui tupu ukumbi mzima, na leso za kufutia machozi. Za Kizungu tulikwenda yeye na mie tu. Sasa nikiona ule mdomo wa Gable na masharubu yake namkumbuka mtu mwingine kabisa, hata hakuwa na masharubu.

#26 Dada wa Barcelona
Pole na kumbukumbu, Bi Regal. Ngoja nikuchekeshe. Hispania enzi za dikteta Franco filamu hii ilileta kituko. Wakaguzi hawakutaka watu waone mke wa mtu anampenda mwindaji. Wakabadilisha maneno kwenye kutia sauti ya Kihispania: Grace Kelly na mumewe wakawa kaka na dada. Sasa kaka na dada wanalala hema moja, wanatazamana vile. Wamekimbia uzinzi wakaangukia pabaya zaidi. Wazee wa hapa wakiitaja Mogambo hawataji simba wala Gable, wanataja hilo.

#27 Kishoka wa Tandika
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za uzi huu. Natafuta nakala ya Kihispania.

#28 Mwisho wa Reli
Mmezungumza Mogambo mmesahau sinema yetu ya Kigoma. The African Queen ya 1951, Bogart na Katharine Hepburn. Ile meli ya Wajerumani wanayokwenda kuizamisha mle ndani ni Liemba, hii hii yetu. Waliipiga hapa ziwani.

#29 Nukta Mbili
Mkuu, nusu ni kweli. Mwandishi wa riwaya, Forester, alitoa wazo kwenye vita halisi vya Ziwa Tanganyika, na Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba ya leo, ndiyo inayotajwa kuwa mfano wa meli ile. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927. Lakini filamu haikupigwa Kigoma. Mwelekezi John Huston alikwenda mto Ruiki huko Kongo, halafu Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Na kile kiboti kidogo cha Bogart kilijengwa 1912, kilikuwa kinafanya kazi Ziwa Albert. Sasa hivi kipo Key Largo, Florida, kinapandisha watalii.

#30 Mwisho wa Reli
Yaani kiboti cha Uganda kiko Florida kinapandisha watalii, na Liemba yetu kila siku tunaulizana iko wapi. Nimeumia.

#31 Omwana wa Jinja
Na huko ndiko Hepburn aliumwa tumbo karibu afe. Bogart na Huston hawakuumwa, walikuwa wanakunywa wiski badala ya maji.

#32 Kishoka wa Tandika
Nimeandika hiyo tiba kwenye kidaftari changu.

#33 Mmeru wa Momella
Mnaozungumzia Kiswahili cha Hollywood, mbona hamsemi Hatari! ya 1962? Hilo ni Kiswahili safi, hakuna haja ya kamusi. John Wayne, mwelekezi Howard Hawks, imepigwa kwetu Tanganyika. Kuna aliyeniambia juzi ni Kenya, nikamzima: ni Momella, chini ya Mlima Meru.

Ukiitazama, angalia kile kiti kilichofungwa kwenye bampa ya mbele ya gari. Mtu kakaa hapo nje, ana fimbo ndefu yenye kitanzi, gari linakimbia sambamba na faru, vumbi, na yule ni mwigizaji mwenyewe. Hawks hakutaka watu wa kuigiza badala yao kwenye ukamataji. Mjerumani Hardy Krüger alipapenda hapo akanunua shamba, akaishi miaka. Hao waliuliza mtu Kiswahili kabla ya kuandika bango.

#34 Fundi Redio
Hapo ndipo hoja yangu inaporudi. Wengine waliuliza, MGM hawakuuliza. Tarzan wao naye alikuwa anapiga kelele "umgawa" kwa tembo, kwa nyani, kwa kila mtu. Neno moja, kazi zote.

#35 Mjukuu wa Kagera
Babu yangu aliwaona. Kambi yao moja ilikuwa mto Kagera. Alisema ulikuwa mji wa mahema, na usiku taa zinawaka kama harusi. Yeye alikuwa kijana wa kubeba maji. Hajui Gable ni nani. Alichokumbuka ni mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekuwa anatembea bila viatu, na mwembamba mmoja aliyekuja akakaa bila kazi yoyote, anaimba jioni.

#36 Bi Regal
Mwenyezi Mungu! Huyo asiye na kazi ni Frank Sinatra, mumewe Ava! Alimfuata mkewe huko porini, kazi yake ilikuwa imeshuka kabisa wakati ule. Kisha akaitwa kufanyiwa majaribio ya From Here to Eternity, akaenda, akapata nafasi, akachukua Oscar. Na bila viatu ni Ava, huyo hakupenda viatu maisha yake yote.

#37 Nukta Mbili
Au ni mpishi mrefu aliyekuwa anapenda kuimba. Tuwe waangalifu na ushahidi wa babu.

#38 Mjukuu wa Kagera
Babu amefariki, siwezi kumuuliza. Ila mimi nimeshachagua ni Sinatra.

#39 Mzee Mkunazini
Assalaam alaykum. Mimi nataka kuongeza kidogo kwa maneno ya Mwalimu. Unguja tulipokuwa wadogo, filamu mpya ikija Majestic au Empire, bango lilikuwa likisukumwa kwa mkokoteni mitaani, na mtu yuko mbele na kengele, anapiga mayowe jina la sinema na nani kaigiza. Sisi watoto tunamfuata nyuma mpaka Darajani. Bibi yangu akisikia kengele ile alikuwa akisema, haya, mgambo huo umelia, nani kafa? Hakuwa na habari na sinema.

Hiyo Mogambo sikumbuki kama ilipita. Ningeikumbuka, kwa jina lile.

#40 Karanja wa Mlimani
Mzee asante. Mũgambo wa kengele.

#41 Fundi Redio
Karanja usijipatie ushindi kupitia kwa bibi wa watu.

#42 Mbeba Boksi
Wakuu nimerudi. Jumatatu nimemwambia mzee ukweli: nilidanganya, Kiswahili hakuna Mogambo. Nikampa ya klabu yenye kasuku, ya sauti kwa Karanja, pembe ya nyati ya Mwalimu, paa la nyumba la Angola, na ya kaka na dada wa Hispania. Hiyo ya mwisho ilibidi tusimamishe mkanda wa maboksi, mzee anakohoa kwa kucheka mpaka msimamizi akatoka ofisini.

Kidaftari akakifungua, akafuta "shauku". Nikadhani yameisha. Akageuza ukurasa wa pili, akavaa miwani, akaniuliza: "Umgawa je?"

#43 Kishoka wa Tandika
Mwambie ni shauku kubwa.